Mchagua Hoteli wa Accrington

Kama umewahi kununua miwani Accrington, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, basi umeshaongopewa na Glenys Ormerod. Usijisikie vibaya, hata padri ameongopewa. Glenys hukaa mbele kabisa ya duka la mpima macho, kwenye kiti cha kuzunguka, na mteja akivaa fremu na kumgeukia, yeye huinamisha kichwa kidogo kama anayesikiliza wimbo wa mbali, kisha husema, "Imekukaa vizuri mno." Humwambia hivyo mwenye uso wa duara na mwenye uso wa tofali. Alimwambia hivyo mzee mmoja muuza nyama aliyechagua fremu nyekundu za watoto akafanana na bundi anayerudi harusini. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma nikisugua lenzi, diploma yangu ya macho ikiwa imekatikia njiani kama lami ya mwaka wa uchaguzi, na kila niliposikia "imekukaa vizuri mno" nilijua kuna mtu anatoka kwenda kutisha wajukuu.

Si unafiki. Kwao ile ni adabu. Mhudumu wa mgahawa akikuuliza chakula kikoje, hata supu iwe na ubaridi wa kaburi, unajibu "safi kabisa, asante," unalipa, unatoka, halafu mkifika kwenye maegesho ya magari ndipo mnamsema mpishi mpaka babu zake. Kumwambia mtu usoni ni ushenzi. Glenys alilelewa hivyo, mama yake alilelewa hivyo, na husimuliwa kwamba bibi yake alikanyagwa mguu na farasi wa kusambaza maziwa akamwomba farasi radhi.

Nyumbani kwake mchaguzi ni mumewe, Clifford. Clifford alichagua nyumba, akachagua zulia, akachagua mbwa, akachagua jina la mbwa, halafu jina la binti yao, kwa mfuatano huo huo. Si mtu mbaya. Ni mtu ambaye jibu lake hufika kabla swali halijavaa viatu. Glenys akisema labda mapazia ya kijani, Clifford tayari yuko juu ya ngazi anatundika ya kahawia. Basi katika maisha yote ya mwanamke huyu kulikuwa na kitu kimoja tu alichokichagua yeye mwenyewe, bila mtu kumtangulia. Hoteli.

Kila mwaka mwezi wa tatu, wanawake watatu wanaovuta kamba za kengele za kanisa siku za Jumapili hupanda ndege kwenda kutembea kwenye mji wowote wa Ulaya kwa siku chache. Wa kwanza ni Glenys. Wa pili ni Avis, mjane mnene mcheshi anayekoroma kiasi kwamba hulipia chumba cha peke yake kwa ajili ya amani ya mataifa. Wa tatu ni Lorna, dada yake Clifford. Yaani wifi. Na wifi ni wifi, hata kwenye lugha isiyo na neno lake.

Hoteli alizotaka Glenys hazikuwa zile kubwa zenye korido ndefu kama hospitali ya mkoa. Alitaka zile ndogo za kifahari, vyumba vichache, kila kiti kimechongwa na fundi mwenye jina, na kwenye mto wameweka chokoleti moja kukuonyesha kwamba wangeweza kuweka mbili. Kumpata huyo mwali kati ya mamia wanaojipamba mtandaoni kunataka jicho, na Glenys alikuwa nalo. Wakati wa chakula cha mchana, mkate wenye jibini na achari mkono mmoja, simu mkono wa pili, alikuwa akisoma maoni ya wageni waliotangulia. Wanaotoa nyota tano hakuwasoma, akisema hao wako fungate, hata wakilazwa bandani watasifia nyasi. Wanaotoa nyota moja hakuwasoma pia, hao walishagombana tangu uwanja wa ndege. Alisoma wenye nyota tatu tu, watu waliovunjika moyo kwa adabu. Mmoja wao akiandika kwamba hoteli iko karibu sana na stesheni, Glenys aliona treni ikipita kati ya kitanda na kabati. Akiandika kwamba jengo lina historia, alijua maji ya moto ndiyo historia yenyewe.

Na sharti lake la mwisho: chumbani pawe na birika la umeme. Mahali pasipo na chai ya kujichemshia mwenyewe ukiwa na nguo za kulalia, kwa Glenys, hapo si hotelini, hapo ni rumande.

Kwa njia hiyo aliwapeleka Riga, akawapeleka Bologna, akawapeleka Seville kwenye hoteli yenye michungwa uani na sabuni nzuri kiasi kwamba sanduku la Avis lilirudi likinukia kama bibi harusi. Kila safari ilipoisha walipiga kura kwenye treni ya kurudi uwanja wa ndege: nani achague mwakani? Na kila mara ilikuwa Glenys.

Mpaka Porto. Porto mito ilikuwa migumu. Lorna aliamka shingo imegeukia kushoto na ikabaki kushoto mpaka Pasaka. Akapiga kengele akiwatazama watu ambao hawakuhusika. Kwenye treni akasema kwamba safari hii amesamehe, lakini kosa moja tena, kazi ya kuchagua anaichukua yeye. Kila mtu alijua maana yake. Lorna alikuwa na hoteli yake moyoni, ile ya ghorofa nyingi kando ya uwanja wa ndege, inayofanana kila nchi, ambayo ukiamka hujui uko Milano au Manchester. Kwa Lorna hiyo ndiyo raha yenyewe.

Glenys aliporudi dukani alikuwa amenyong'onyea. Aliniambia, taratibu, kama anayetaja ugonjwa, kwamba wakimpokonya hoteli atabaki anachagua nini? Rangi ya meno ya bandia?

Basi mwaka uliofuata alichagua kama mtu anayechagua figo. Mji ulikuwa Ghent, Ubelgiji. Aliiacha hoteli moja kwa sababu mgeni alisifia "utulivu wa mhudumu", akaiacha nyingine kwa sababu picha zote zilipigwa jioni, na kitu kinachopigwa picha jioni tu kina la kuficha, kama wachumba wa mtandaoni. Mwishowe akaipata moja iliyokuwa zamani nyumba ya watawa, matofali mekundu, madirisha marefu, mfereji mpana wa mashua mbele. Inaitwa Masista Kumi na Mmoja. Mito laini, hilo alilithibitisha kwa watu wengi. Mabirika yapo. Wenye nyota tatu wachache mno, na maneno yao hayakuwa na sumu. Mmoja aliandika, "Chumba kinawaleta watu karibu." Mwingine, "Baada ya ndoa ndefu, mimi na mume wangu bado tulijifunza mengi." Wa tatu aliandika tu, "Tulitembea nje sana."

Glenys alinisomea haya kwa sauti, macho yanang'aa. Unaona, akasema, ni pahali pa mapenzi na mazoezi.

Kitu ambacho hakukifikiria, wala mimi sikukifikiria, ni kwamba walioandika wote walikuwa Waingereza wenzake. Na Mwingereza wa umri ule atakuambia bei ya nyumba yake, atakuambia habari za upasuaji wa mbwa wake, lakini kuna chumba kimoja cha nyumba hakitaji hata ukimning'iniza kichwa chini.

Yaliyotokea Ghent nimeyasikia kwa wote watatu, na pale walipopishana nimemfuata Avis, maana hana aibu.

Walipokelewa na meneja mwenyewe, kijana anaitwa Wannes, suruali fupi ya kuonyesha vifundo vya miguu, ndevu zimechongwa kama uzio wa maua. Akawapandisha juu, akafungua mlango wa chumba cha mawifi, akasimama pembeni kama anayezindua daraja. Kitanda kizuri. Cha pili kizuri. Mito kama mawingu. Lorna aliibonyeza kwa kidole, akakosa kasoro, na hiyo peke yake ilikuwa sherehe kwa Glenys. Birika lile pale.

Halafu, katikati ya chumba, kati ya kitanda na kitanda, palikuwa na sanduku la kioo. Kioo kitupu, safi, kinapitisha mwanga kama kabati la mikate. Upande mmoja uko wazi, mlango hakuna wala dalili ya bawaba. Na ndani ya sanduku, kwenye jukwaa dogo la mawe meusi, kimekaa choo.

Glenys anasema walisimama pale kwa muda ambao mtu angeweza kupika yai. Wannes akawauliza wameonaje.

"Safi kabisa, asante," akasema Glenys.

"Safi sana," akasema Lorna, sauti imepanda juu kidogo kama ya mtu aliyekalia pini.

Na hapo, rafiki yangu, kitanzi kikafunga. Maana Lorna alikuwa ameshasema safi, mbele ya mwenyeji, kwa kinywa chake. Kwa sheria za kwao asingeweza kuligeuza neno lile mpaka watoke nje ya mipaka ya Ubelgiji. Kwenye treni, sawa, hapo angemchinja wifi yake kwa utulivu. Kabla ya treni, lazima akae na hicho choo kama chombo cha ukoo. Glenys naye alijua kwamba choo kile kikitajwa tu, kura ameshaipoteza. Njia ilikuwa moja tu: hadi mwisho wa safari, asiwepo mtu wa kutamka kwamba choo kipo.

Wannes alishuka ngazi akiimba. Baadaye ilijulikana kwamba yeye ndiye aliyeubuni ule mtindo, na wazungumzaji wa kila lugha walishamtukana, isipokuwa Waingereza. Waingereza walimsifu wote. Basi kwa furaha akawafungia wote watatu zawadi vyumbani: taa ndogo ya dari, inayowaka yenyewe ukiingia kwenye kioo, ikakumulika kuanzia utosini kama mwimbaji wa taarabu anayesubiri kutunzwa.

Jioni ile Lorna akasema anashuka kuangalia picha za ukutani. Alikaa huko muda mrefu mno kwa mtu asiyependa picha. Aliporudi, Glenys naye akasema hebu akazione. Chini, nyuma ya meza ya mapokezi, palikuwa na choo cha wageni, chenye mlango wa mbao za mwaloni na komeo la chuma la enzi za masista. Na mbele ya mlango palikuwa na foleni. Mume na mke wazee kutoka Norwich. Bwana mmoja mrefu mwenye gazeti. Akina mama wawili wa Leeds. Wote Waingereza, wote wana vyoo vyao juu, wote wanatazama dari. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini yuko pale. Yule wa Norwich alisema tu kwamba mji una kengele nzuri, na Glenys, mpiga kengele wa miaka yote hiyo, alishindwa kujibu kwa sababu ya hali.

Avis peke yake ndiye hakuonekana kwenye foleni. Walipomuuliza kwa mzunguko kama chumba chake kinafanana na chao, akasema kinafanana, na hajawahi kustarehe hivi tangu azaliwe.

"Nakaa mle na taa yangu, mlango wa nini? Nimwogope nani, marehemu?" akawaambia. "Naona mpaka mnara wa kanisa. Nilimpungia mkono mtu wa mashua."

Mawifi wakanywa chai yao.

Asubuhi ya pili ndipo mambo yalipoharibika. Kabla ya kifungua kinywa Lorna alishuka, akapanda tena mbio, rangi imemtoka. Choo cha chini kilikuwa kimefungwa. Mfanyausafi ameweka ndoo mlangoni, na foleni ya Norwich na Leeds imeganda pale kama waombolezaji waliokosea msiba. Lorna akakaa kitandani, miguu ameipishanisha mara mbili. Glenys naye hali yake haikuwa njema. Wakatazama kioo. Kioo kikawatazama.

Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu Glenys aolewe na Clifford, mawifi wakashirikiana jambo. Lorna alivuta sanduku lake, akatoa kifurushi kilichoviringishwa kwenye sweta. Lilikuwa birika lake mwenyewe la umeme, kubwa, la kutoka nyumbani. Huwa analibeba kila safari kwa sababu haamini maji yaliyochemshwa na wageni. Sasa wana mabirika mawili.

"Wifi," akasema Lorna, bila kumwangalia, "mvuke unaziba kioo."

"Mfuniko ukiwa wazi halizimiki," akasema Glenys, naye bila kumwangalia.

Hayo ndiyo waliyosema, na bado hakuna aliyetaja choo. Wakaweka mabirika juu ya kigoda mle ndani, mifuniko wazi, wakachomeka kwenye soketi ya kukaushia nywele. Mvuke ukapanda. Kioo kikaanza kupata ukungu kuanzia juu, taratibu, neema juu ya neema, mpaka sanduku lote likawa jeupe kama barafu. Lorna aliingia kwanza, Glenys akageukia ukutani na kuimba tenzi za kanisa kwa sauti kubwa ili kuficha lolote lenye kuhitaji kufichwa. Lorna akatoka amekuwa mtu mpya. Wakabadilishana. Glenys ndani kwenye mawingu, Lorna ukutani akishika ubeti wa pili.

Mvuke, hata hivyo, si mtumwa wa mtu. Uliposhiba kioo ukapanda darini, na darini, karibu na ile taa ya zawadi, palikuwa na kile kidude cheupe kinachonusa moto.

King'ora kilipolia, Glenys anasema, alidhani ni hukumu. Hoteli nzima ikateremka ngazi. Wakajikuta barabarani wote, kando ya mfereji, wamevaa yale majoho meupe ya kuogea ya hoteli, wanapumua moshi wa baridi kama kundi la malaika waliofukuzwa kazi. Watoto wa shule walipunguza mwendo wa baiskeli zao wapate kutazama vizuri. Avis alishuka wa mwisho, joho halijafungwa sawasawa, anakula andazi.

Sasa, mtu nyumba ikiungua huokoa kilicho chake cha thamani. Mama wa Norwich aliokoa dawa zake. Bwana mrefu aliokoa gazeti. Na Lorna, bila kufikiri, alikuwa amechomoa birika lake na kukimbia nalo. Alisimama pale mbele ya umati amelishika mkononi, linafuka mvuke kama treni.

Wannes akatoka ndani na wazima moto wawili, viatu vyake vimelowa, uzio wa ndevu umevurugika. Hakukuwa na moto, akasema. Kulikuwa na mvuke. Ghorofa ya pili. Akamtazama Lorna. Watu wote wakamtazama Lorna. Akamuuliza, kwa upole kabisa, kama mama alikuwa anapika chumbani.

Lorna akafungua mdomo, akaufunga. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumtimua kasisi msaidizi kwenye mnara wa kengele kwa kupiga chafya. Lakini mbele ya mwenyeji, kuulizwa moja kwa moja, na jibu la kweli lina lile neno ndani yake, alishindwa. Shingo yake ikaanza kuwa nyekundu. Macho yakajaa.

Glenys aliona yote. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa na njia mbili na zote alizijua vizuri. Akinyamaza, wifi yake ataonekana mpishi wa magendo, ataondoka Ghent na aibu, na kwenye treni hatakuwa na uso wa kumpigia mtu kura ya hapana. Hoteli itabaki safi kabisa, asante. Akisema, anaikana hoteli yake mwenyewe hadharani, kwa kinywa chake. Lorna hatahitaji hata kupiga kura.

Akasogea mbele. Alianza kama wanavyoanza wao. Akaomba radhi kwa kuingilia. Akaomba radhi kwa hali ya hewa. Akasema hoteli ni nzuri mno, mito mizuri mno, hataki kuwa msumbufu, na bila shaka kosa ni lake, ila kama ingewezekana, na isipowezekana haina neno, kulikuwa na kajambo kadogo. Wannes, maskini, akadhani anaomba chai.

Glenys akavuta pumzi. Avis anasema alivimba kama mtu anayeanza kuvuta ile kengele kubwa.

"Kaka, choo chako hakina mlango," akasema. "Nimelala kitanda kimoja na mume wangu tangu ujana, na mpaka leo hajawahi kuniona nikipiga mswaki. Huyu hapa ni wifi yangu. Unataka nimtazameje mezani siku ya Krismasi? Weka mlango."

Bata mmoja kwenye mfereji akasema neno lake.

"Lakini mama," akasema Wannes, na alionekana ameumia kweli, "mbona nyote huwa mnasema safi kabisa?"

Yule mzee wa Norwich aliangalia ndala zake. Halafu mkewe akakohoa, akasema kwa sauti ndogo kwamba hata cha kwao. Akina mama wa Leeds wakasema na cha kwao pia. Na kwa kuwa kila mmoja sasa alitaka kusema, na wao ni watu wa kwao, wakapanga foleni. Nakuapia. Pale barabarani, na majoho yao, mmoja nyuma ya mwenzake, wakamlalamikia Wannes kwa zamu, kila mmoja akianza na pole na kumaliza na asante. Bwana mrefu alipofika mbele alisema tu, "Hivyo hivyo," akampa nafasi anayefuata.

Wannes alifanya alichoweza. Akatoa kwenye chumba cha kulia kiambaza cha kukunja, cha mbao, wamechorwa masista kumi na mmoja wa zamani, akakisimamisha mbele ya sanduku la mawifi. Ubaya ni kwamba kilikuwa na upande mmoja tu wa picha, na upande huo kwa haraka waliuelekeza ndani. Kwa hiyo kwa siku iliyobaki, aliyeketi pale alitazamwa na watawa kumi na mmoja, wenye nyuso za kutokubali. Glenys alisema ni nafuu kubwa. Hao angalau si ndugu. Avis alipelekewa shuka la kuning'iniza, akalirudisha.

Kwenye treni ya kwenda uwanja wa ndege Glenys hakusubiri. Alisema mwenyewe kwamba hoteli ilikuwa mbovu, kosa ni lake, na mwakani Lorna achague. Alisema akiangalia dirishani, mashamba ya Ubelgiji yanapita, mkoba ameushika magotini kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa barua ya kufukuzwa.

Lorna alingoja stesheni mbili zipite. Birika lilikuwa pembeni yake kwenye kiti, limevikwa sweta.

"Ilikuwa mbovu," akasema. "Mito ilikuwa mizuri. Lakini choo kile ni cha laana." Akaliweka sawa sweta la birika. "Na mimi ningekuwa nimesimama pale barabarani na birika mpaka leo."

Glenys akageuka kutoka dirishani.

"Hoteli mbaya zipo kila mahali, wifi. Hata ile yangu ya uwanja wa ndege siku moja itamweka mtu kwenye kioo. Wa kusema ni nani? Mimi siwezi. Avis anakipenda. Chagua wewe. Anayeweza kufungua mdomo ndiye achague." Kisha, kwa sababu wifi ni wifi, akaongeza kwamba habari hii ikisikika kule kanisani, aliyeisema ataujua mkono wake.

Avis naye alipiga kura ya Glenys, kwa sharti kwamba ampatie tena mtu wa mashua.

Jumatatu Glenys alirudi kwenye kiti chake cha kuzunguka. Aliingia mama mmoja, akajaribu fremu za pembe tatu, akageuka. Glenys akainamisha kichwa kama kawaida yake, akasikiliza ule wimbo wa mbali, na mimi huko nyuma tayari nilikuwa nimemalizia sentensi moyoni.

"Hapana, mama," akasema Glenys. "Zivue."

Niliangusha lenzi ya watu.

Tangu hapo anachagua hoteli kwa njia mpya. Maoni ya wageni anasoma bado, lakini mwisho anapiga simu mwenyewe, wakati wa chakula cha mchana, mkate mkono mmoja, duka limejaa wateja wanaojifanya wanasoma herufi za ukutani. Juzi alikuwa anaongea na hoteli moja ya Ljubljana, karibu na mto, vyumba vinane, wanasema mtini wa uani umepandwa na babu wa mwenye nyumba. Akauliza mito. Akauliza birika. Halafu akakaa sawa, akanyoosha mgongo, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka kwa muuza nyama aliyekuja kurudisha fremu nyekundu.

"Na choo kina mlango?"

Akasikiliza.

"Wa mbao?"

Akasikiliza tena.

"Kioo. Sawa. Safi kabisa, asante," akasema, akakata simu, akaendelea kutafuta.